Tangi Liko Juu, Shawa Haina Nguvu

Presha ya maji katika jengo la ghorofa huzaliwa na kimo, wala si na ukubwa wa tangi. Kila mita 10 kati ya uso wa maji tangini na mdomo wa mfereji huleta takriban bar 1, na kila mita moja huleta sehemu moja ya kumi ya bar. Tangi la lita 10,000 na tangi la lita 500 yakipandishwa kimo kimoja husukuma maji kwa nguvu ileile. Tofauti ni kwamba la kwanza litachelewa kukauka. Wenye nyumba wengi huongeza tangi jingine kila wapangaji wanapolalamikia presha, na malalamiko hubaki palepale.

Jengo lenye sakafu nne, kila moja ikiwa na kimo cha mita 3, na tangi lililokalishwa moja kwa moja juu ya paa la saruji, linaonyesha hesabu hii waziwazi. Mfereji wa jikoni wa sakafu ya chini uko karibu mita 11 chini ya kitako cha tangi. Shawa ya sakafu ya juu kabisa iko mita moja na kidogo tu chini ya kitako hichohicho. Tangi la lita 5,000 likijaa huwa na kina cha maji cha kama mita 2, kwa hiyo mpangaji wa chini hupata bar 1.3 na wa juu 0.3. Tangi likikaribia kukauka, wa chini hushuka hadi 1.1 na huenda asitambue lolote. Wa juu hubaki na 0.1 hivi, amepoteza karibu theluthi mbili ya kile kidogo alichokuwa nacho. Ndiyo maana shawa ya ghorofa ya juu huwa na siku zake: asubuhi inafaa, jioni inadondoka, na wakati wa mgao wa maji haifai kabisa. Aliye jirani wa tangi ndiye anayelifaidi kidogo kuliko wote.

Ukanda wa Ziwa Victoria nchini Kenya umejaa majengo ya namna hii. Katika jiji la Kisumu yameota Migosi, Mamboleo na Nyamasaria. Bondo yamefuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Usenge, mji wa wavuvi wa Yimbo katika kaunti ya Siaya, unaotazamana na kisiwa cha Mageta, bado ni mji wa nyumba fupi, ila ghorofa zinazoinuka huko huiga mpango uleule: tangi la chini linalopokea maji, pampu inayoyapandisha, na tangi la juu ya paa linaloyashusha kwa uzito wake. Kisumu, kampuni ya KIWASCO huvuta maji ya ziwa katika kituo cha Dunga kwa pampu na kupokea mengine yanayoteremka yenyewe kutoka Kajulu. Siaya, jukumu hilo ni la kampuni ya SIBO. Popote pale, presha ya bomba la barabarani hubadilika kwa saa na kwa siku, na fundi mwenye busara haihesabu kabisa anapopanga maji ya ghorofa ya nne. Ya kuhesabiwa ni ile ya kutoka tangini.

Kazi ya kurekebisha huanza kwa futikamba na ndoo. Kwanza hupimwa kimo kutoka kitako cha tangi hadi kwenye kichwa cha shawa. Kisha shawa hufunguliwa yote na maji kukingwa kwa ndoo ya lita 10: ikijaa kwa dakika mbili, mtiririko ni lita 5 kwa dakika, nao unatosha kwa mtu kuoga vizuri. Ikichukua dakika tano, ni lita 2, na hapo hita yoyote itasumbua. Kipimo hiki hurudiwa mara mbili: wakati jengo zima limetulia, na wakati majirani wa chini wanafua na kuoga. Matokeo yakifanana, kasoro iko ndani ya nyumba au katika kimo cha tangi. Yakitofautiana sana, kasoro iko kwenye paipu wanayochangia.

Kuchangia paipu ndiko chanzo kinachosahaulika zaidi. Katika majengo mengi paipu moja hutoka tangini, ikateremka ukutani, na kila sakafu ikachomoa tawi lake njiani. Tawi la ghorofa ya juu huchomolewa mahali presha ilipo ndogo kabisa. Wa chini wanapofungua mifereji, maji hukimbilia kwao kwa sababu huko ndiko kuna mteremko mrefu, na mbio hizo hula kimo chote cha pale juu. Hali ikizidi, tawi la juu hunyonywa badala ya kusukumwa: shawa hukohoa hewa huku mfereji wa jirani ukimwaga kwa fujo. Dawa yake ni rahisi na ya bei nafuu kuliko pampu yoyote: kutoboa tundu la pili kwenye tangi na kushusha paipu ya pekee kwa ajili ya ghorofa ya juu. Inahitaji mita chache tu za paipu, kwa kuwa nyumba yenyewe iko hatua chache kutoka tangini. Inashangaza jinsi mafundi wanavyokimbilia kuuza pampu kabla ya kupendekeza jambo hili.

Paipu hiyo mpya isiwe nyembamba. Paipu za PPR, zile za plastiki nene zinazounganishwa kwa moto, hutajwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya milimita 20 inayotumika kwa maji ya moto ina ukuta wa milimita 3.4 kila upande, kwa hiyo tundu lake la ndani ni milimita 13 na kidogo tu. Maji yakipita humo kwa lita 6 kwa dakika, mita 10 za paipu hula zaidi ya nusu mita ya kimo, na kila kona ya nyuzi 90 huongeza hasara. Kwa mpangaji wa chini mwenye mita 11 mfukoni hiyo si hasara ya kulilia. Kwa yule wa juu mwenye mita moja, nusu ya mali imekwisha njiani. Paipu ya milimita 25 hupunguza hasara hiyo hadi kama theluthi, na ya milimita 32 hadi karibu kutohesabika. Bei huongezeka kidogo, kazi ya fundi ni ileile. Koki nazo huchaguliwa kwa makini: ya mpira wa duara ikifunguliwa huacha njia wazi, ilhali ile ya kukaza kwa skrubu huyapindisha maji ndani yake na kuyachelewesha hata ikiwa imefunguliwa yote.

Hewa iliyonaswa huleta ugonjwa wa aina nyingine, unaotambulika kwa dalili moja: mfereji wa jikoni unatoa, shawa haitoi kabisa, halafu siku ya tatu shawa inafufuka bila kuguswa. Chanzo huwa paipu iliyopanda juu ya boriti kisha ikashuka tena. Tangi likikauka, hewa huingia na kukaa pale kwenye nundu, na maji yanaporudi hayana nguvu ya kuifukuza. Mita 11 za kimo zingeifagia mara moja. Mita moja haiwezi. Baadhi ya mafundi huunganisha mpira kati ya mfereji wenye nguvu na ule uliokwama, wakayasukuma maji kinyumenyume mpaka hewa itokee tangini. Hilo hutibu kwa leo. Tiba ya kudumu ni kuondoa nundu na kuipa paipu mteremko usiokatika, au kusimamisha paipu ndogo ya kupumulia mahali palipoinuka, mdomo wake ukipita juu ya usawa wa tangi.

Uchafu nao hutofautiana kulingana na maji yalikotoka. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana madini machache sana, kwa hiyo hayajengi ganda la chokaa ndani ya paipu. Yakifika bila kusafishwa vya kutosha huleta tope na mwani, vitu vinavyotulia kwenye kitako cha tangi na kuziba vichungi vidogo vya shawa. Maji ya visima virefu hufanya kinyume: yanaweza kuwa maangavu kama kioo lakini yakaacha ukoko mweupe kwenye matundu ya shawa na kwenye koili ya hita. Kichwa cha shawa kilichoziba kwa ukoko huloweshwa ndani ya siki usiku kucha, kikasuguliwa na kurudishwa. Kilichoziba kwa tope hakihitaji siki; kinahitaji tangi lioshwe, na paipu ya kutolea maji ihamishwe sentimita chache juu ya kitako ili isinyonye mashapo.

Baada ya yote hayo kukaguliwa ndipo swali la kuinua tangi linapokuja. Mnara wa chuma wa mita 3 juu ya paa humwongezea mpangaji wa juu bar 0.3, kiasi kinachoweza kumtoa kwenye kudondokewa na kumfikisha kwenye kuoga. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji umeme wala haichakai kwa matumizi. Ugumu wake ni uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni tani 5 zinazosimama juu ya miguu minne, na miguu hiyo lazima ikanyage juu ya nguzo au mihimili ya jengo, kamwe isikanyage katikati ya paa. Kwenye ufuo kama wa Usenge, upepo wa dhoruba za ziwani husukuma tangi tupu kwa urahisi, na matangi huwa matupu hasa nyakati za mgao. Mnara usiofungwa kwa nati ndani ya saruji ni hatari kwa kila apitaye chini. Kazi hii ni ya mhandisi wa majengo. Si ya mchomeleaji peke yake.

Pampu ndogo ya kuongeza presha hufaa pale mnara usipowezekana. Hukaa karibu na tangi, chini ya usawa wa maji, ili maji yaifikie kwa uzito wao yenyewe, na huwashwa na kihisio kinachotambua kuwa mfereji umefunguliwa. Hapa pana mtego. Vihisio vya mtiririko huamka tu maji yakitembea kwa kasi fulani, na katika nyumba yenye mtiririko dhaifu sana pampu inaweza isiamke kamwe. Nyumba kama hiyo hufaa zaidi pampu inayowashwa na kushuka kwa presha, ikiwa na kitangi kidogo cha kutunza presha ili isiwake na kuzima kila mfereji unapovuja tone. Pembeni mwa pampu huwekwa paipu ya kupitia kando yenye vali isiyorudisha maji, ili stima ikipotea maji yaendelee kushuka kama zamani. Ukubwa wa bar 1 hadi 1.5 unatosha, pampu yenye nguvu zaidi hutafuta viungio dhaifu ukutani na kuvipasua. Kuifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la kampuni ya maji ni jambo jingine, nalo kampuni hulikataza kwa sababu nzuri: pampu inaponyonya bomba lenye presha ndogo, huvuta pia maji machafu ya mtaroni kupitia nyufa, na ukanda wa ziwa umekwisha kuugua kipindupindu mara nyingi mno kuchezea jambo hilo.

Matatizo ya maji ya moto kwa kiasi kikubwa ni matatizo haya haya yakiwa yamevaa nguo nyingine. Hita ya shawa inayotumika kote Kenya, ile inayofungwa kwenye kichwa cha shawa chenyewe, ina kiwambo cha mpira na koili. Maji yakifika kwa nguvu ya kutosha huinua kiwambo, kiwambo hufunga mkondo wa umeme, na koili hupata moto. Nyingi huhitaji angalau mita moja ya kimo zinapopokea maji. Mpangaji wa ghorofa ya juu ambaye mita yake moja imeliwa nusu na paipu nyembamba hufungua shawa, maji yakamwagika baridi, naye akaita fundi wa umeme. Fundi hubadilisha koili, wakati mwingine hita nzima, na baada ya wiki tangi linaposhuka hadithi inaanza upya. Koili haikuwa na kosa.

Hesabu ya joto ni nyepesi. Hita ya wati 5,500 huyaongezea maji nyuzi 20 yakipita kwa lita 4 kwa dakika, nyuzi 10 yakipita kwa lita 8, na karibu nyuzi 40 yakipita kwa lita 2. Maji ya juu ya ziwa kwa kawaida huwa na nyuzi 24 hadi 27. Kwa hiyo lita 4 kwa dakika huwapa watu wa ufuoni maji ya nyuzi 45, moto kuliko wengi wanavyohitaji. Lita 2 huwapa nyuzi 65, zinazounguza ngozi. Na lita 8 huwapa nyuzi 35, ambazo wengine huziita baridi. Shawa inayounguza ghafla wakati jirani wa chini amefungua mfereji haina hitilafu ya umeme: mtiririko wake umekatwa nusu na ongezeko la joto likawa maradufu. Vivyo hivyo, anayelalamika kwamba tangu afunge pampu maji yamekuwa vuguvugu anapaswa kufunga koki kidogo, basi. Hita hiyohiyo ikipelekwa Limuru, ambako maji huingia yakiwa baridi zaidi, itaonekana dhaifu. Usenge, swichi ya kiwango cha chini kabisa mara nyingi inatosha, na jioni ya siku ya jua tangi jeusi la paani huwa limekwisha kuyapasha maji kiasi cha mtu kuoga bila kuwasha chochote.

Upo hata hivyo upungufu unaotoka kwenye umeme wenyewe. Nguvu ya koili hushuka kwa mraba wa volteji. Laini ya volti 240 ikidhoofika hadi 200, jambo la kawaida mwishoni mwa laini ndefu saa za jioni, hita ya wati 5,500 hubaki na kama 3,800. Kipimo cha volteji kikichukuliwa kwenye soketi saa hizo hizo humaliza ubishi. Ikiwa volteji iko sawa kwenye mita lakini imeanguka bafuni, waya ni mwembamba, na hilo ni la kuogopa. Hita hii huvuta karibu ampea 23. Inataka waya wake yenyewe wa milimita mraba 4 au 6 kutoka kwenye kabati ya umeme, swichi yake ya kukata, waya wa ardhini uliofika kweli ardhini, na kikata umeme kinachotambua mvujo wa miliampea 30. Waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 hupata moto ndani ya ukuta kila mtu anapooga. Anayehisi mtetemo mdogo wa umeme kwenye mfereji azime swichi kuu na asiiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, afike. Katika hita nyingi koili hukaa wazi ndani ya maji, na maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya ziwa. Nyumba za visima hununua zile ambazo koili yake imefunikwa, zinazouzwa madukani kama hita za maji ya chumvi. Wapangaji hung'oa hita zao wanapohama, wakaacha waya ukining'inia juu ya bafu. Waya huo ukatwe kwenye kabati, usifungwe tu kwa utepe.

Ufuoni kuna jambo moja zaidi la joto, nalo ni la afya. Baadhi ya majengo huvuta maji ghafi ya ziwa kwa pampu yao na kuyapeleka paani. Maji hayo yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo huingia mwilini kupitia ngozi. Vimelea hivyo hufa maji yakitulia tangini kwa siku mbili bila konokono, au yakishikiliwa kwenye nyuzi 50 kwa dakika tano. Hita ya shawa huyashika maji kwa sekunde chache tu, kwa hiyo haihesabiki kuwa kinga. Matangi mawili yanayopokezana, moja likitulia wakati jingine linatumika, hufanya kazi hiyo bila gharama ya umeme.

Jua ndilo jambo pekee ambalo mpangaji wa juu analipata kabla ya wengine. Usenge uko karibu kabisa na ikweta, jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, na paneli ya kupashia maji hailazimiki kugeuzwa upande maalumu. Huinamishwa kidogo tu ili maji ya moto yapande na mvua iisafishe. Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua, lakini utekelezaji wake haukuwahi kuwa mkali. Kwa nyumba iliyo chini tu ya paa, mita 10 za paipu ya milimita 25 hubeba lita 2 za maji baridi ya kumwagwa kabla ya moto kufika. Sakafu ya chini huweza kumwaga maradufu ya hizo.

Mitambo ya kawaida ya jua haina presha yake yenyewe, kwa hiyo tangi la maji baridi lazima liwe juu kuliko pipa la maji ya moto, na mnara uliokataliwa kwa sababu ya gharama hurudi mezani. Paipu za maji ya moto ziwe za PPR, kwa kuwa PVC ya kawaida hulainika joto likikaribia nyuzi 60. Koki ya kuchanganya nayo hukataa kutii ikiwa upande mmoja unasukumwa na pampu na mwingine unashuka wenyewe: baridi huingia ndani ya paipu ya moto na kuyarudisha maji juu paani. Pande zote mbili zitoke kwenye kimo kimoja, au zote zipite kwenye pampu moja iliyotengenezwa kustahimili maji ya moto.